Kivinjari Kisimamishwe Kazi Kupisha Uchunguzi

Masjala Kuu,
Idara ya Maji,
Ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na ngazi.

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UTOVU WA NIDHAMU WA KIVINJARI, NA USHAURI MBAYA WA FUNDI ZIMA-WASHA

Kichwa cha habari hapo juu kinajitosheleza, lakini kwa kuwa najua barua fupi hazisomwi hapa idarani, nitaeleza kwa urefu.

Mimi ni karani wako wa masjala, yule mwenye miwani iliyofungwa uzi, uliyemsalimia mwezi wa tatu pale kwenye ngazi. Nimeitunza masjala hii miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo halijapotea jalada hata moja, isipokuwa lile ulilokwenda nalo nyumbani wewe mwenyewe, na hilo nimeliandika kwenye daftari kuwa liko safarini.

Siandiki kwa chuki. Naandika kwa mkono, kwa sababu kompyuta niliyopewa na idara imeganda tangu saa mbili kasoro, na hapa nilipo mshale wake umesimama katikati ya skrini, hauendi kulia wala kushoto. Kosa si la kompyuta. Kompyuta ni mtumishi mwadilifu kabisa. Anayeigandisha ni kivinjari, ile programu ya kuingilia kwenye intaneti ambayo wenzangu huita brauza. Malalamiko yangu dhidi yake, na dhidi ya wanaokitetea, ni haya.

1. Kivinjari kikigoma hakigomi peke yake. Mtumishi wa kawaida akisusa, hususa kwenye meza yake, wengine wakaendelea na kazi. Hiki kinasusa na jengo zima. Printa inanyamaza, kibodi inakufa ganzi, na hata ule mchezo wa karata, ambao mimi siuchezi ila nimeuona tu, unasimama nikiwa nakaribia kushinda. Jana saa ya kwenye skrini iligandia saa nne na dakika sita. Nami kwa kuiamini nilikaa nikisubiri mchana ufike, nikaja kula saa kumi, peke yangu, chakula kimeshapoa na mpishi ameshavua aproni.

2. Hakijibu barua. Kwa kufuata taratibu za utumishi nilikipa kwanza onyo la mdomo, mbele ya tarishi. Hakikujirekebisha. Wiki iliyofuata nikakiandikia onyo la maandishi, nikakitaka kijieleze ndani ya siku saba kwa nini kisichukuliwe hatua, nikalibandika kwenye skrini kwa utepe, tarishi akatia sahihi kama shahidi. Siku ya nne kompyuta yenyewe ikatoa maandishi meupe katikati ya skrini: programu haijibu. Naomba izingatiwe kwamba maneno hayo sikuyaandika mimi. Ni ushahidi wa mashine inayoishi na mtuhumiwa humo humo ndani, na ndiyo inayomjua tabia.

3. Fundi wa kompyuta. Bwana huyu, mwenye funguo nyingi kiunoni, jina lake halisi lilishasahaulika. Idara nzima tunamwita Zima-Washa, kwa sababu umwite kwa tatizo lolote, dawa yake ni hiyo hiyo. Kompyuta imeganda, zima uwashe. Printa inatafuna karatasi, zima uwashe. Mhasibu alipomwambia kwamba kichwa kinamuuma, nasikia alitafuta swichi.

Na mimi si mbishi. Nazima, nawasha. Kivinjari kinaamka, na kwa unafiki wake kinaniuliza kwa adabu kama nataka kinirudishie kurasa zote nilizokuwa nimezifungua. Nakijibu Ndiyo. Karani gani mwenye akili timamu ataulizwa kama anataka majalada yake, akasema hapana? Basi zinarudi, moja baada ya nyingine, zinajipanga pale juu mpaka zinabanana zisisomeke. Ikifika ile ya mwisho, mashine inaganda. Utaona mwenyewe kwamba hizi ni njama.

4. Nimeshauriwa nivunje kanuni. Zima-Washa ameniambia, tena mbele ya mama wa usafi, kwamba kurasa nilizofungua ni nyingi mno na nizifunge. Nikamuuliza kwa idhini ya nani. Akacheka.

Ndugu Mkurugenzi, hapa sicheki. Masjala ina kanuni moja kuu, nayo ndiyo iliyonilea. Jalada halifungwi mpaka shauri liishe, na hata likiisha, halifungwi mpaka mkubwa aandike "Funga" kwa wino, aweke sahihi na tarehe. Kompyuta ilipoletwa, miaka miwili na nusu iliyopita, hakuna aliyeniambia kwamba kanuni imekufa. Mwaka jana nilikuletea maombi rasmi ya kufunga ukurasa mmoja tu, ule wa vipimo vya mabomba. Yalirudi baada ya wiki sita yameandikwa "Nimeona". Nimeona si Funga. Ukurasa uko wazi mpaka leo.

Naomba pia ijulikane kwamba kurasa zangu zote ni za kikazi. Kuna za mabomba, za mita, za koki, na ukurasa mmoja mdogo wa hali ya hewa ninaoufungua kila asubuhi kabla sijavua koti. Sisi ni Idara ya Maji, na mvua ni maji. Zima-Washa alitaka kujua kwa nini ni mvua ya mji ulio mbali siku mbili kwa basi. Nikamjibu kwamba mawingu hayana mipaka ya kiidara, na yeye ashughulike na nyaya zake.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ijumaa hii, saa nne asubuhi, binti yetu wa pekee anakula kiapo cha ukunga katika chuo cha mji huo huo niliokwisha kuutaja. Ukumbi ni mdogo. Kila mhitimu ameruhusiwa mgeni mmoja, na nafasi hiyo imechukuliwa na shangazi yake anayeishi naye huko. Sisi wazazi tumeambiwa tutazame kwenye intaneti. Simu yangu ni ya tochi. Ya mke wangu ilipasuka kioo siku ilipoanguka kwenye pedali ya cherehani, maana yeye ni fundi wa nguo. Tegemeo ni kompyuta hii tu.

Mke wangu amejishonea gauni la kijani la kuja kukaa mbele ya skrini. Nilimwambia kwamba binti hatamwona. Akanijibu kwamba yeye atajiona. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba hilo dude likiganda wakati mwanawe ameinua mkono, nisihangaike kurudi nyumbani, nikalale na majalada yangu kwa kuwa ndiyo niliyoyaoa. Ndugu Mkurugenzi, masjala haina kitanda.

Na katika hali hiyo ndipo Zima-Washa ameandika ripoti kwamba kesho Alhamisi mchana atakuja kuichukua kompyuta, aipeleke karakana wiki tatu, akaisafishe kila kilichomo. Nimeficha ufunguo wa masjala. Sitasema nimeuficha wapi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kivinjari kisimamishwe kazi mara moja kupisha uchunguzi.

(b) Iundwe kamati ya watu saba ya kukichunguza, nami niwe katibu, kwa kuwa ndimi pekee ninayeujua ushahidi ulipo.

(c) Siku ya Ijumaa, kuanzia saa nne hadi saa tano, kivinjari kirudishwe kazini kwa muda, chini ya ulinzi wa askari wa getini, kisha kisimamishwe tena.

(d) Zima-Washa ahamishiwe kwenye mtambo wa pampu, ambako kuzima na kuwasha ndiyo kazi yenyewe, atafurahi.

(e) Ikishindikana yote, uje wewe mwenyewe Ijumaa usimame nyuma ya kiti changu kwa saa moja. Nimechunguza nikaona kwamba fundi akiwepo kompyuta haigandi, inaganda akishatoka tu na kufika kwenye ngazi. Ikiwa inamwogopa fundi, naamini kwa cheo chako itatetemeka. Huna haja ya kusema neno. Kunja uso tu.

Nikiamini kwamba haya yatakufikia ukiwa umekwisha kunywa chai, nimalizie kwa salamu. Nisalimie katibu wako muhtasi na mafua yake. Nisalimie kamati ya zabuni, wale wa vikao virefu. Nisalimie na dereva wako, mwambie jalada la matairi limeonekana, lilikuwa chini ya mguu wa meza yenu likizuia isitikisike. Wasalimie wa nyumbani wote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mtumishi wako, niliyesimama imara ingawa mashine imeganda,

Karani wa Masjala Kuu

Tanbihi, Ijumaa, saa nane mchana.

Barua hii imekaa kwangu siku mbili kwa sababu dispachi ya barua za kuja ghorofani kwako hutoka Ijumaa mchana, na kanuni siwezi kuivunja hata kwa barua yangu mwenyewe. Kabla hujaisoma, yaani kama hujaanzia mwisho kama ninavyojua unafanya, kuna mambo yamebadilika.

Zima-Washa hakuichukua kompyuta, kwa sababu alikuta mlango umefungwa. Leo mke wangu alifika saa tatu na nusu, na gauni lake la kijani, akakaa kwenye kiti changu. Saa nne kasoro kumi kompyuta ikaganda. Mke wangu akanitazama. Nikatoka mbio kupanda kwako kuomba idhini ya kufunga kurasa zote kwa mkupuo, na karatasi nikiwa nayo mkononi imeshaandikwa, imebaki sahihi. Katibu wako akaniambia uko kwenye kikao cha kupanga vikao. Nikasimama pale mlangoni dakika saba, mimi na karatasi yangu.

Niliporudi chini nilikuta kompyuta inakwenda mbio, na binti yetu kwenye skrini, mzima mzima, na sare yake nyeupe.

Mke wangu alikuwa ameizima na kuiwasha. Kivinjari kilipomuuliza kama kirudishe kurasa zote, akajibu Hapana. Ni hilo tu alilolifanya. Nilipomuuliza kwa idhini ya nani, aliniambia ninyamaze, mtoto anaapa. Baadaye akasema kwamba miaka yote tuliyooana mimi nimekuwa nikijibu Ndiyo kwa kila karatasi inayopita mbele yangu, na mtu mmoja nyumbani ilibidi ajifunze lile neno lingine.

Binti aliinua mkono, akaapa, sauti haikumtetemeka. Mama yake alilia, akajifutia machozi kwa nakala ya onyo la maandishi, na mimi sikumkataza.

Mchana nikamwita Zima-Washa, maana majalada yakifungwa lazima yaorodheshwe, hata yakifungwa na mke wa mtu. Akanitolea orodha, tukahesabu pamoja. Kurasa mia sita na kumi na moja. Za mabomba, mita na koki zilikuwa sabini na tatu. Mia tano thelathini na nane zilizobaki zote ni ule mmoja wa hali ya hewa, moja kwa kila siku ya kazi tangu binti yetu aondoke. Sikujua kwamba zimefika zote hizo. Zima-Washa alisoma jina la mji mara ya kwanza, akasoma na ya pili, kisha akaacha kusoma kwa sauti. Hakuniambia nizime wala niwashe. Aliniuliza tu kama nimekula.

Kwa hiyo kivinjari hakina kosa, kirudishiwe heshima yake. Zima-Washa abaki alipo, dawa yake ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa nainywa kinyume. Kamati isiundwe. Malalamiko yote nayaondoa. Lakini barua hii ilishapewa namba tangu Jumatano, na barua yenye namba haitolewi kwenye jalada, basi naomba hapo pembeni uandike Funga, kwa wino, uweke sahihi na tarehe. Tafadhali usiandike Nimeona.

Na badala ya yote niliyoyaomba hapo juu, (a) mpaka (e), naomba likizo ya wiki moja kuanzia kesho asubuhi. Jalada langu la likizo utalikuta tupu, sijawahi kuomba. Leo nimeangalia, mara moja tu, kisha nikaufunga ukurasa mwenyewe: Jumatatu huko itanyesha. Siku ile alipoondoka, pale stendi, nilikuwa nimemshikia binti mwavuli wake wakati anapakia mizigo, basi likaondoka mwavuli ukiwa bado mkononi mwangu. Uko hapa nyuma ya mlango wa masjala, umefungwa kibandiko chenye namba, nao nataka nikaukabidhi kwa mwenyewe.