Mapato Ghafi ya Mama Genoveva

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Ignasi, uliyenisubiri tangu saa nne asubuhi ingawa mimi nimefika saa nane, waheshimiwa wajumbe wa serikali ya kijiji mlioketi kwenye mabenchi, na ninyi mliokosa mabenchi, viongozi wetu wa dini, padri aliyetuma udhuru na shehe aliyetuma udhuru, Mwalimu Mkuu uliyetuazima mabenchi haya na unayeyahitaji kabla ya jioni, mfanyabiashara wetu mashuhuri kutoka Katesh, Mzee Halfani, ambaye namwona amekuja na ng'ombe, wazee wangu, shikamooni (Wazee: “Marahaba.”), akina mama, vijana, na wataalamu nilioambatana nao, yaani dereva wangu Bryson, mabibi na mabwana, kama kuna niliyemruka basi ajihesabu ametajwa.

Mimi ni Emilian, Mratibu Mkuu wa Programu Shirikishi ya Majosho, Malisho na Mengineyo, na nimesimama mbele yenu, kando ya shimo hili refu na zuri la josho la kuogeshea ng'ombe, mlilolichimba kwa mikono yenu, nikiwa na furaha ambayo kiutawala tunaiita furaha ya kiwango cha juu. (Makofi machache.) Nimetembelea mashimo mengi katika utumishi wangu. Nimeona mashimo ya Masakta, nimeona ya Tumati kule Mbulu, lakini shimo lenye kingo zilizonyooka namna hii, lenye ngazi ya kuingilia ng'ombe na ngazi ya kutokea ng'ombe, tena bila mhandisi, sijawahi kuliona, na nimelipiga picha.

Kabla sijaingia kwenye mada, Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba kuna changamoto ndogo, na mimi sipendi changamoto inong'onwe, napenda isemwe kwenye maiki. Nimeelezwa kwamba mwezi uliopita vilipopigiliwa vigingi hapa, vilikuwa karibu na boma la Mama Genoveva, huyu mama aliyevaa shuka jekundu. Na nimeelezwa kwamba kwa desturi yenu kazi ya wote ikiwa kando ya boma la mtu, mwenye boma ndiye anayewalisha wachimbaji, na hasubiri kuambiwa, maana akisubiri kuambiwa atachekwa na majirani mpaka wajukuu zake. Basi Mama Genoveva amewapikia watu arobaini, siku ishirini, ugali na maharage, na jioni akashika jembe naye akachimba. Unga na maharage akakopa kwa Mzee Halfani. Mzee Halfani, kwa busara za kibiashara, akachukua ng'ombe wa maziwa wa mama huyu kama dhamana mpaka malipo ya mradi yatoke. Je, nimeeleza sawa?

(Mzee Halfani: “Umeeleza sawa, mheshimiwa. Laki moja na themanini. Nisipoipata leo, kesho nampeleka mnadani. Mimi pia nina wanaonidai.”)

(Mama Genoveva: “Na ana mimba, mheshimiwa! Ndama wake ndiye ada ya mtoto.”)

Ahsante, mama, hiyo nayo ni data. Ndugu wananchi, hili ndilo lililonitoa ofisini. Mratibu mwingine angekuja na pesa, akagawa, akaondoka, na ninyi mngebaki na pesa bila uelewa. Mimi nimekuja na uelewa. Tatizo la mfanyakazi wa nchi hii si kwamba halipwi, tatizo ni kwamba hajui amepata kiasi gani kabla ya kulipwa. Kwa hiyo leo nitawajengea uwezo katika somo la kukokotoa mapato ghafi yatokanayo na aina mbalimbali za malipo, na nitamtumia Mama Genoveva kama kisa mafunzo. Mama, simama watu wakuone. Usiogope, ni hesabu tu.

(Sauti ya kijana: “Mama Genoveva amekuwa ubao!” Kicheko.)

Aina ya kwanza ya malipo ni malipo ya muda. Hapa mtu analipwa kwa saa au kwa siku alizokaa kazini, awe amechoka au hajachoka. Kwa kiwango ambacho nimekipendekeza mwenyewe, kibarua wa josho ni shilingi elfu sita kwa siku ya saa nane. Mama Genoveva amefanya kazi siku ishirini. Elfu sita mara ishirini? (Watu: “Laki moja na ishirini!”) Mnaona! Elimu imefika hapa kijijini Dirma.

Aina ya pili ni malipo ya saa za ziada. Zile saa nane zikiisha na bado unachimba, saa yako inapanda thamani kwa nusu yake. Elfu sita ukigawa kwa nane ni mia saba na hamsini. Ongeza nusu, unapata elfu moja mia moja ishirini na tano. Mama huyu alibaki na jembe saa moja kila jioni, baada ya kuosha masufuria, na mara ishirini hiyo tunapata elfu ishirini na mbili na mia tano. (Makofi. Mwanamke: “Na masufuria je?”) Masufuria, dada yangu, ni mchango wa jinsia, hayakokotolewi.

Aina ya tatu ni malipo ya kipande, ambapo saa haihesabiwi, kinahesabiwa kilichofanyika. Mama alibeba mawe kutoka korongoni, tripu hamsini, kila tripu shilingi mia tatu: elfu kumi na tano. Aina ya nne ni kamisheni, nayo hulipwa mtu aliyeleta kitu, mfano mteja. Mama aliwaita majirani wanane ambao walikuwa bado wanasitasita. Tukisema elfu tano kwa kila jirani, ni elfu arobaini.

(Mzee mmoja: “Mimi sikuitwa na mtu, nilisikia harufu ya maharage!”)

Mzee wangu, kimfumo hiyo ni kuitwa. Sasa tunafika aina ya tano, ambayo wasomi wengi huisahau, ni malipo ya vitu. Mfanyakazi akipewa chakula, kile chakula ni sehemu ya mapato yake. Mama Genoveva alikula hapa kazini kila siku, mlo wa elfu mbili, siku ishirini, sawa na elfu arobaini.

(Mama Genoveva: “Nilikula ugali wangu mwenyewe, mheshimiwa!”)

Na ulishiba? (Kicheko.) Basi umepokea. Hatuangalii chakula kimetoka wapi, tunaangalia kimekwenda wapi. Sasa tujumlishe wote, kwa sauti ya kizalendo: laki moja na ishirini, na elfu ishirini na mbili mia tano, na elfu kumi na tano, na elfu arobaini, na elfu arobaini nyingine. Jumla? (Kelele. Watu wanabishana. Mwalimu Mkuu: “Laki mbili, elfu thelathini na saba na mia tano.”) Laki mbili, elfu thelathini na saba na mia tano! Hayo ndiyo mapato ghafi ya Mama Genoveva! (Vigelegele. Wanawake wanamwinua Mama Genoveva. Mzee Halfani anaanza kufungua kamba ya ng'ombe.)

Mzee Halfani, tafadhali, acha kwanza hiyo kamba.

Ndugu wananchi, mapato ghafi ni mapato kabla ya makato. Na makato hayawezi kukatwa mpaka malipo yatoke, na malipo hayawezi kutoka mpaka yaidhinishwe, na hayawezi kuidhinishwa mpaka kuwe na fungu. Lakini tusikatishane tamaa. Kwenye ripoti yangu kuna safu imeandikwa “Malipo ya wananchi yamekokotolewa?” na leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya kata hii, nitajaza “Ndiyo.” Hayo ni mafanikio ya asilimia mia moja. Huko nilikotoka kuna maofisa wenye digrii mbili ambao miaka inapita hawajakokotoa mtu hata mmoja.

(Ignasi, Mwenyekiti: “Mheshimiwa, samahani. Watu wanauliza, pesa imekuja na gari au inakuja kesho?”)

Swali zuri sana, Mwenyekiti, na nitalijibu kwenye shukrani, maana wakati umekwenda. Kwanza kaulimbiu. Nikisema mapato, mseme ghafi! Mapato! (Wachache: “Ghafi.”) Mapato! (Kijana: “Yako wapi?”) Josho safi! Ng'ombe safi! (Ng'ombe wa Mama Genoveva analia. Kicheko kidogo.)

Sasa shukrani. Namshukuru Mwenyekiti kwa soda. Na kwa namna ya pekee namshukuru dereva wangu Bryson, kwa sababu bila yeye tusingekutana. Mwezi uliopita tulipata pancha hapa hapa tukielekea Katesh, na wakati Bryson anaziba tairi, mimi, kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, nikakumbuka kwamba ripoti yangu ya robo mwaka ina ukurasa wa picha na sina picha. Nikawaomba vijana wanigongee vigingi vinne, nikasimama katikati nikanyoosha kidole kuelekea mlimani. Picha ilitoka vizuri. Tairi likajaa, nikaondoka. Vigingi nikavisahau, na ninyi, kwa uzalendo ambao nitautaja kila mahali, mkavifuata mkachimba. Josho halimo kwenye bajeti. Halimo kwenye mpango. Na programu ninayoiratibu, kusema kweli, ni andiko la mradi ambalo bado halijaandikwa. Nawashukuruni sana, kwa sababu sasa andiko litakuwa na pa kuanzia, yaani shimo.

(Hakuna makofi. Mzee Halfani anaifunga tena kamba, mara mbili. Mama Genoveva anachukua jembe, anavuka uwanja, anaondoka bila kuaga.)

Naona Mama Genoveva ametangulia kuwahi shughuli za nyumbani. Huo ndio mfano. (Mwanamke wa pili anachukua jembe na kumfuata. Kisha vijana. Kisha mzee wa maharage.) Naona na wengine mnaelekea kazini bila kusimamiwa, na hili nitaliandika, kwamba mara baada ya mafunzo washiriki walionyesha ari. (Mabenchi yanabaki matupu, isipokuwa la Mwenyekiti.) Mwenyekiti, wanakwenda wapi? Barabarani? Barabarani kuna mradi gani?

(Bryson, kutoka kwenye gari: “Bosi! Wanachimba mtaro mbele ya gari!”)

Bryson, zunguka.

(Bryson: “Kulia korongo, kushoto korongo, bosi! Na nyuma ni hili shimo lao!”)

Ndugu wananchi! Ndugu wananchi, nawapongeza kwa kasi, lakini hapo hapana kigingi! Hakuna aliyewaelekeza! Mwenyekiti, waambie.

(Ignasi: “Mheshimiwa, hapa kwetu mtu mmoja akianza kuchimba, wengine hawawezi kumwangalia. Ni aibu.” Anavua koti, analikunja vizuri kwenye benchi, naye anakwenda.)

Mama Genoveva! Mama yangu, wewe ni mtu mwelewa, wewe ni kisa mafunzo changu! Naomba huo mtaro ufukiwe kabla jua halijazama, nina semina kesho asubuhi! Tunaweza kukubaliana, mimi si mtu mgumu. Mnataka malipo ya aina gani? Ya muda? Ya kipande? Tufanye ya kipande, kwa kila hatua mtakayofukia, nitaikokotoa mwenyewe, bure!

(Mama Genoveva, akiwa ndani ya mtaro hadi magotini: “Sisi tunataka taslimu, mheshimiwa. Tena kabla. Ukokotoaji utaendelea nao njiani.”)

(Kicheko kikubwa, cha kwanza cha kweli leo. Majembe hayasimami.)

Tusifanye mzaha na ratiba ya serikali. Pesa niliyo nayo mkobani ni posho yangu ya safari, na posho ya safari kisheria si mapato ya... Bryson, gari linaweza kuruka upana ule? (Bryson: “Upana upi, bosi? Wameshaongeza.”)

Sawa. Ndugu wananchi, sawa. Uongozi ni kusikiliza. Bryson, niletee mkoba. Mzee Halfani, sogea hapa karibu na hiyo kamba yako, na usipige kelele maana maiki bado inasikika: ulisema huyo ng'ombe ni shilingi ngapi?