Kisu, Birika, Mto na Mizani

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kutoka semina nikiwa mtu mwingine! Bosi alinichagua mimi peke yangu. Alisema anataka karakana ipumue walau siku moja. Sikuelewa, lakini nilishukuru.

Mwezeshaji, bwana mwenye viatu vya ncha, ametufundisha kwamba wafanyakazi wote duniani ni wa aina nne tu. Kisu: maneno machache, anataka jibu. Birika: moto kidogo tu, kelele. Mto: mpole, hapendi ugomvi. Mizani: haamini mpaka apime. Ukishamjua mwenzako ni nani, unasema naye lugha yake, ugomvi kwisha. Dodoso tulilojaza likasema mimi ni Birika. Upuuzi! Nikamweleza mwezeshaji kosa la dodoso lake kwa dakika arobaini, mpaka akaomba ruhusa akale.

Semina imekuja wakati wake. Msimamizi wetu wa ushonaji amestaafu, na Ijumaa Bosi anamtaja mpya: ama mimi, ama mkataji wa vitambaa, tunayemwita Mkasi. Mimi nimeshona hapa miaka tisa. Yeye amekata kumi na miwili, lakini nani anahesabu? Sharti la Bosi ni moja: tumalize ugomvi wetu kwanza.

Ugomvi wenyewe ni vikaratasi. Mkasi si msemaji. Kila furushi la vitambaa analonipa amelibandika kikaratasi kwa pini: kola hivi, pindo vile. Na meza zetu zimeachana hatua nne! Mtu wa hatua nne ananiandikia barua kama mimi ofisi ya serikali. Nimemwambia mara mia kwamba mdomo si wa kulia chakula tu. Yeye anashikilia kwamba maneno hupotea, karatasi haipotei. Inapotea sana. Mimi mwenyewe nimepoteza nyingi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na Bosi. Huyo ni Kisu, hata kipofu angeona. Kisu hapendi kuzungushwa. Nikaingia ofisini, sikukaa, nikasema: Usimamizi. Mimi. Ijumaa. Nikatoka.

Akatuma mtu aniulize kama nyumbani kuna msiba. Baadaye akaniita mwenyewe, akataka kujua tangu lini naingia kwake bila shikamoo, yeye aliye umri wa mama yangu mkubwa. Nikatoa shikamoo fupi, ya Kisu. Marahaba yake ilikuwa ya baridi.

Mchana nikamwendea Mzee wa Vifungo. Kazi yake kushona vifungo, na Bosi humsikiliza. Anahesabu vifungo kutwa, kwa hiyo ni Mizani. Nikampa sababu tisa za kuniunga mkono, kila moja na asilimia yake. Akaniuliza mama yangu anaendeleaje na mguu. Nikamwomba tusitoke nje ya mada. Akabeba kopo lake la vifungo, akahamia meza nyingine.

Mizani wagumu sana.

Jumatano, 6 Machi

Leo zamu ya Mkasi. Hasemi, hagombi, anainamia kitambaa tu. Mto mtupu! Kwa Mto, semina inasema, sogea karibu, shusha sauti, taja hisia.

Nikavuta kiti mkono wake wa kulia, upande wa dirisha, kwenye upepo. Nikanong'ona: dada yangu, najua una donge moyoni. Kimya. Nikanong'ona kwamba hata mimi nina langu. Kimya. Nikaendelea hivyo nusu saa, laini kama pamba. Mwisho nikamwambia kuanzia leo vikaratasi basi, sitavisoma tena, tutaelewana kwa mioyo. Hakupinga!

Kisha akageuka kuchukua rula, akaniona, akaruka mpaka chaki ikamtoka mkononi. Akauliza kwa sauti kubwa nimekaa hapo tangu lini. Aibu hiyo. Mto kabisa.

Nimemsimulia mke wangu. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamwambia methali haijafanyiwa utafiti.

Alhamisi, 7 Machi

Siku yangu! Tuna majoho arobaini ya mahafali, shule inayachukua Jumatatu asubuhi. Mkasi akaniletea furushi la mikono, na kikaratasi juu yake. Mazoea ni mazoea, sikumlaumu. Nikakichomoa bila kukisoma, nikakitupa kwenye pipa la vipande, nikashona kama mtu aliyepandwa na mashetani.

Kufikia jioni majoho ishirini yamening'inia, yanameta. Bosi alipita, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Usimamizi unanukia jamani!

Jambo moja tu. Mikono imeniishia nikiwa nusu ya kazi. Majoho ishirini hayana hata mkono mmoja. Kumbe Mkasi hajui kuhesabu! Nitamweleza Bosi kesho, kwa upole, mbele ya watu wote.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki hata kuandika.

Naandika. Asubuhi nilisimama katikati ya karakana, nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba mwenzetu ameniletea mikono nusu. Bosi akataka kuona kazi. Akachukua joho moja, akalivaa. Upande wa kushoto, safi. Upande wa kulia nguo ikamvuta bega kwa nyuma, akawa kama mtu anayejikuna mgongo. Akavaa la pili. Vilevile. Akamvisha Mzee wa Vifungo la tatu. Mzee akashindwa kulivua.

Mkasi akanyoosha kidole kwenye pipa. Mzee, bado amenaswa, akachakura kwa mkono wake mzima, akasoma kwa sauti: "Hii ni ya kushoto tu, arobaini. Ya kulia naleta kesho."

Nikajitetea kwamba vikaratasi tulivifuta Jumatano, nilimwambia kwa mdomo wangu na akaridhia. Mkasi akashangaa, akauliza wapi. Nikasema pale, dirishani.

Mzee ndiye aliyesema, tena taratibu: mwanangu, sikio lake la kulia halisikii, huu mwaka wa saba. Ndiyo maana anaandika, ili asikosee. Kila mtu humu anajua. Akaniuliza inakuwaje mimi sijui. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na Mkasi ndiye aliyeinamisha macho, kana kwamba kosa ni lake.

Bosi akamtaja msimamizi palepale: Mkasi. Watu wakapiga makofi, na vigelegele viwili. Mimi nimepewa kazi ya kufumua mikono ishirini.

Jumamosi, 9 Machi

Nafumua. Vidole vimevimba. Karakana nzima wananiita Bwana Kushoto.

Saa nne Mkasi akaja na kiti chake, akakaa mbele yangu, akachukua joho akaanza kufumua. Sikumwomba. Tulifumua saba bila neno. Sijui kwa nini, lakini tangu Jumatatu sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile.

Ndipo akaniambia, akinitazama usoni, kwamba hana kinyongo. Kwamba nikitaka anisikie nikae hapo mbele, aone mdomo. Na kwamba nisipojua jambo, nimuulize tu, hakuna haja ya kubahatisha. Akasema hata yeye nimpe muda, atajifunza kuvumilia maneno yangu mengi.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikachukua joho la nane.

Lakini njiani kuelekea nyumbani nikatafakari. Mto hawezi kusema wazi namna ile! Wala si Kisu, maana alinisaidia. Mwezeshaji amesahau aina ya tano! Nimeipa jina: Kufuli. Nimeshajaza kurasa sita juu ya tabia za Kufuli, na nitamwandikia mwezeshaji anipe siku nzima niifundishe. Mke wangu akauliza kama nimemwonyesha Mkasi mwenyewe hizo kurasa. Wanawake! Daktari anamwonyesha nani vitabu vyake?

Jambo kuu kuhusu Kufuli ni hili: akikwambia umuulize, hapo ndipo anaogopa sana kuulizwa. Maskini, na kazi yake mpya hii. Jumatatu analeta kitambaa cha suruali za walinzi. Sitamsumbua na swali hata moja.