Serikali ya Mseto Iliyoangushwa na Gagulo

Jamani, leo nimeumbuka hadi nimejifungia. Naandika nikiwa chini ya blanketi la watu.

Hapa nilipopanga Lyamkena tuko familia sita, uani kamba ya nguo moja. Kwa ukungu huu wa Makambako, jinzi inakaa kambani siku tatu na bado inachuruzika. Vyumba vya mbele na vya nyuma hatusalimiani kisa kamba!

Asubuhi tukasema yaishe, tukaunda serikali ya mseto. Mama Neema wa mbele, Waziri Mkuu. Jirani yangu fundi cherehani, Waziri wa Vibanio. Mimi, Waziri wa Kamba. (Niliomba mwenyewe. Kiherehere!) Sheria ya kwanza: upande wenye jua ni wa nguo za watoto wachanga tu.

Sasa, jana mama wa mchumba wangu Anjela aliwasili kutoka Lugarawa. Amekuja kunitazama kama nafaa, ndipo aturuhusu kufunga ndoa. Nikawapisha chumba yeye na Anjela, nikalala kwa fundi. Mama mkwe kwetu hata mkono humpi. Unamwamkia kwa mbali, macho chini.

Saa nne nikaanza doria. Upande wa jua, gagulo! La maua, pana kama turubai la msibani. Nikalishusha, nikaita baraza zima, nikaliinua juu kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa! Gagulo hili limekalia jua la watoto wetu! Mwenyewe ajitokeze!"

Anjela akakohoa. (Nikadhani ananishangilia.)

"Mwenye mwili wa kujaza hili hawezi kujificha!"

Mlango wa chumba changu ukafunguka.

"Baba," akasema mama mkwe kwa upole, "ni langu. Nililifua alfajiri. Naomba radhi kwa serikali."

Mikono ikagoma kushuka. Kumpa, mwiko. Kulianika tena mbele yake, aibu. Nikafanya nini? Nikakimbia nalo hadi kwa fundi, nikapiga komeo.

Nje namsikia Mama Neema: "Serikali imevunjwa! Kila mtu aanike anapotaka!" Hata masaa mawili hatujatawala.

Sasa hivi Anjela amegonga. Nikamwambia nampitishia gagulo dirishani.

"Thubutu! Mama anasema ndoa haina shida. Ila ulirudishe mwenyewe, mbele ya baraza lile lile. Na ufanye haraka, anasikia baridi."

Msinicheke. Nisaidieni tu: gagulo la mkwe linakabidhiwaje macho yakiwa chini?