Picha ya Ndani

Jumatatu, 2 Juni 2025

Maumivu chini ya mbavu za kulia yametimiza wiki tatu. Leo nimekwenda hospitali ya mjini peke yangu. Mke wangu Kalista nilimwambia nafuata nati za plau. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Violeth. Akaniamkia shikamoo, kisha akanibonyeza tumbo mpaka nikapiga kelele. Heshima na ukatili ndani ya dakika moja! Akaandika altrasaundi, Alhamisi saa tatu asubuhi. Nisile chochote kuanzia saa mbili usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi ninywe maji lita moja na nisiende haja ndogo mpaka nipimwe. Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akasema tutaona kwenye picha, baba.

Tutaona! Mjomba Adolfu wa Mwazye naye aliambiwa tutaona. Baada ya miezi miwili tulimzika. Kweli aliangukiwa na mkokoteni, lakini miezi ilikuwa miwili.

Asijue mtu. Uchaguzi wa kikundi chetu cha maksai hapa Mollo ni Jumapili ya tarehe 15. Nimekuwa mwenyekiti miaka tisa. Mgonjwa hapewi ng'ombe. Makamu wangu ni Modesti, kaka yake Kalista. Mwezi huu ameniambia mara tatu kwamba nimepungua, huku akinitazama toka utosini hadi kwenye viatu kama fundi wa majeneza.

Nimemwambia Kalista kwamba Alhamisi naenda mjini kupiga picha. Si uongo. Ni picha.

Jumanne, 3 Juni

Kalista alikwenda kusaga. Akamwambia Rosina wa mashine. Kufika saa sita mchana Mollo nzima inajua kwamba mwenyekiti anapiga picha za kampeni. Kampeni! Kikundi kina watu ishirini na wawili, wote wananijua sura.

Saa kumi Modesti akaja na pikipiki yake. Akauliza kwa upole, shemeji, picha gani hiyo? Nikashikwa na woga, nikajibu, ya ndani. Akatikisa kichwa. Akasema hata yeye anapenda za ndani, za nje jua linaharibu sura. Kisha akasema naye anahitaji moja, twende wote, atanibeba. Nikakubali. Kukataa kungetia shaka.

Naona pameanza kuvimba chini ya mbavu; nimepima uvimbe kwa kidole gumba. Jana ulikuwa gumba moja. Leo ni gumba na robo. Au gumba limekonda.

Jumatano, 4 Juni

Kalista amepiga pasi koti langu la harusi. Linanipwaya. Akasema nitatoka vizuri. Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, nikaomba maharage.

Nimekula ugali wa ulezi saa kumi na moja jioni, nikaongeza saa kumi na mbili na nusu. Huenda ndio wa mwisho. Ulikuwa na chumvi kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu: maji lita moja, ya baridi. Baridi ya Juni nje, baridi ya Juni tumboni. Saa moja: Modesti na pikipiki. Mashimo barabarani arobaini na moja. Nilibana mkojo kila shimo.

Mjini Modesti hakwenda studio. Akasimama kwenye mgahawa, akaagiza supu mbili na chapati nne. Nikasema nimeshiba. Akaweka kijiko chini taratibu. Akasema, shemeji, tangu nikufahamu hujawahi kukataa supu, au unaumwa? Watu wa meza ya jirani wakageuka. Nikala. Bakuli zima, chapati mbili. Kisha lita moja ikanishinda, nikaimwaga chooni nyuma ya mgahawa.

Studio: mpiga picha akaniambia nitabasamu. Nilikuwa natazama saa.

Modesti alipoingia duka la vipuri nilikimbia. Nilifika hospitali saa nne na dakika kumi. Mpimaji akanipaka mafuta ya baridi, akauliza kama nimekula. Nikasema kidogo. Akatazama kioo. Akasema, mzee, mimi hapa naona gesi na supu. Nikamwomba aangalie nyuma ya supu. Akanibonyeza tena upande wa kulia. Akasema kuna kama kivuli.

Kivuli cha nini? Akasema hawezi kubahatisha, nirudi Jumatatu na njaa.

Nina kivuli.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Sikusikia mahubiri. Nilipiga magoti muda mrefu kuliko wote, kwanza kwa hofu, halafu kwa sababu kusimama kuliuma.

Baada ya misa Modesti aligawa picha zetu mbili zitazamwe. Yeye ametoka ana meno yote. Rosina akaishika yangu kwa mbali, akasema, jamani mwenyekiti, hii ni ile inayotangulia jeneza! Walicheka wote. Mimi pia, kidogo. Kucheka kunauma upande wa kivuli.

Faida moja: sasa nina sababu ya kurudia picha. Nimewaambia naenda kesho, peke yangu.

Jumatatu, 9 Juni

Njaa kamili. Lita kamili. Foleni ya saa mbili na dakika ishirini. Mama mmoja alikuwa anasimulia vichekesho, nikamsihi kwa jina la Mungu anyamaze.

Daktari Violeth akasoma karatasi. Mawe. Mawe matatu kwenye kibofu cha nyongo, kubwa lina milimita kumi na nne. Nikauliza, si saratani? Akasema si saratani. Nikauliza tena. Akasema, baba, ni mawe. Nikauliza mara ya tatu, akanipa maji.

Nililia. Dakika mbili hivi.

Kisha akasema yatatolewa kwa upasuaji, Alhamisi tarehe 19. Kisu! Nisile tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, nikila hawatanipasua. Na nije na mke wangu, nisifiche, maana kufichaficha ndiko kulikoniharibia kipimo cha kwanza. Nikamwahidi. Alisema kweli.

Jumanne, 10 Juni

Nimetafakari kosa langu. Kosa lilikuwa neno. Picha kila mtu anaitamani. Nilihitaji neno lisilo na mvuto.

Asubuhi nikamwambia Kalista tarehe 19 twende wote mjini, kuna kushona. Si uongo. Nitashonwa. Akafurahi, akauliza suti ya rangi gani. Nikasema fundi ataamua. Akaenda kusaga.

Saa kumi Modesti amekuja na kitambaa cha kijivu, mita tatu, kimefungwa nyuma ya pikipiki. Anataka fundi huyohuyo, siku hiyohiyo. Akauliza kama ana mkono mzuri. Nikasema nasikia hivyo. Amesema tuondoke mapema, saa kumi na mbili, tupate supu kwanza.

Nimekubali. Kukataa kungetia shaka.