Gumba Langu na Uso wa Gita

Jamani, leo nimeaibika hadi basi. Tena Chome, nyumbani kwa kina Nambike, mchumba wangu, siku niliyoitwa kusikia jibu la posa.

Baba yake ni fundi seremala, analima na tangawizi. Kwake yeye mpiga gita ni mvivu tu. Nikajiambia, nikimpigia kidogo atalainika. Gita langu lina mgongo wa mninga na uso wa mwerezi, na huo mwerezi ndio unaotoa ile sauti laini. Ila mtindo wangu haupigiki bila kucha ndefu za mkono wa kulia. Kwa hiyo nazifuga. (Ndiyo, mkono mmoja tu. Niacheni.)

Njia ya kupanda Chome mnaijua, milima na mashimo. Toka Same nimeng'ang'ania bodaboda kwa nguvu zote. Nafika, kucha ya gumba imepasuka katikati!

Nikakaa barazani, nikatoa gundi kali, nikapaka harakaharaka. Ikachuruzika. Mara nasikia mlango! Nikashtuka, nikalikumbatia gita, gumba likanata palepale kwenye uso wake. Navuta, halitoki. Jasho hilo!

Mzee katoka, kanyoosha mkono.

"Shikamoo, baba." Nikampa wa kushoto. (Wa kushoto! Kwa mkwe!)

"Marahaba." Mkono wake umebaki hewani. "Wa kulia una nini?"

"Umenasa, baba."

Akainama, akaligonga gita kwa kidole, akasikiliza. "Mwerezi. Mwepesi huu, ukivuta utachanika." Akaingia ndani. Akarudi na patasi. Mungu wangu! Nilitamani kulia.

"Baba Nambike, utamkata mtoto wa watu!" Mama huyo mbio, na beseni la maji moto ya sabuni. Wakaanza kunilowanisha kama nguo, majirani wameshajaa uani. Nambike kajifunika kanga usoni.

Gumba likatoka. Kucha ikabaki kwenye gita.

Mzee akaitazama ile kucha, kisha akazitazama zilizobaki mkononi.

"Na hizi unalimia?"

Nikazificha nyuma ya gita.

"Jibu lako ni hili. Jumamosi njoo na jembe. Tukimaliza kuvuna tangawizi tutaongea. Na utanisalimia kwa mkono wa kulia."

Nimeshazikata zote. Naombeni msicheke, na mwenye jembe la kuazima aniambie mapema.