Taa Nyekundu ya Phonie

Bandeko, ndugu zangu, leo nimekula haya muzima-muzima, na mifupa yake!

Munajua Mwamini, ule binti ninapenda. Baba yake anakaa Kindu. Leo asubui ndiyo muzee alipashwa kunipa jibu ku phonie, ile radio ya kuongea na batu ba mbali. Nimuoe ama nisimuoe. Basi nikavaa abacost, ile koti ya wakubwa, ya rafiki yangu Shabani (phonie haionyeshe nguo, najua, musinisumbue), tukaenda naye ku nyumba ya phonie, mu mutaa ya Makiso, hapa Kisangani.

Chumba ilijaa batu banangojea zamu. Phoniste, mwenye kutumikisha ile radio, citoyen moja ya haraka, akaita Kindu, akanikalisha mbele ya micro.

"Kijana, unaona hii kifunguo? Ukiongea, peleka huku. Ukisikiliza, rudisha."

Akatoka inje kununua makemba, ndizi ya kuchoma.

Huku wapi? Ku ile kifunguo hakuna hata herufi moja! Nikageuza. Taa nyekundu ikawaka, sauti yote ikakatika. Bon, nyekundu ni kusimama, hata mutoto anajua. Nikasimama. Nikangojea muzee.

"Iko anafanya nini?" Shabani akauliza.

"Anawaza. Na tumbo kubwa vile, mawazo inachelewa kupanda."

"Na mbuzi ya mahari?"

"Nitamupa ile ya mujomba, ya kukonda. Tutainywesha maji mingi, itavimba, muzee ataona ni mbuzi ya munono."

Nikarudisha kifunguo. Taa ikazima. Alors, zamu yangu! Nikatoa sauti ya asali: "Papa, salama? Mwamini ni jicho yangu..."

Lakini muzee naye anapiga kelele juu ya asali yangu: "Allo! Tumbo ya nani? Tumbo ya nani?"

Tumbo? Mi nilisema jicho!

"Papa, mi naongea mambo ya mapendo!"

"Na ile maji ni ya nini?"

Ee! Jasho ikanishuka mpaka ndani ya abacost (Shabani akaiangalia vibaya). Nikageuza tena, nyekundu ikawaka, nikamunongonezea Shabani: "Huyu muzee iko mulozi, muchawi kabisa! Anasoma roho ya mutu kutoka Kindu!"

Nikarudisha.

"Mulozi? MIMI mulozi?"

Phoniste akaingia mbio, makemba mu kinywa: "We kijana! Nyekundu ndiyo banakusikia!"

Bandeko, munaelewa? Asali yangu yote ilibaki mu chumba. Mbuzi ndiyo ilifika Kindu.

Na haikufika Kindu peke yake, juu kila mutu mwenye phonie anasikiliza. Sauti ingine ikaingia: "Allo Kisangani, hapa Punia. Tunakupata muzuri sana. Endelea, tafazali." Nyuma yake, Bukavu nzima inacheka.

Halafu muzee akakohoa. 

"Kijana. Binti yangu anakutaka, sijui juu ya nini. Njoo Kindu. Lete mbuzi ya munono kupita hii tumbo yangu. Tutaiweka pembeni yangu, tupime. Na haitakunywa maji mbele ya kupimwa. Terminé."

Ile ni ndiyo ama ni hapana? Mpaka sasa sijaelewa. Shabani anasema ni ndiyo. Shabani hajaona ile tumbo.

Musicheke, bandeko. Punia na Bukavu bamecheka hata sehemu yenu. Muniambie tu fasi gani banafuga mbuzi za vile.