Uchaguzi Huru wa Gari la Taifa

Jumatatu moja ya mwaka 1974, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya bendera na watumishi sitini na watatu waliojipanga mistari, Citoyen Kabwe, Mkurugenzi wa Usafiri wa Dola mkoani Shaba, alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila idara ya Lubumbashi ina uhuru kamili wa kuchagua kati ya gari lililotengenezwa nchini na gari la kigeni. Watumishi wakapiga makofi. Kisha akatangaza kwamba gari lililotengenezwa nchini limeshinda. Wakapiga makofi tena, safari hii kwa nguvu zaidi, maana sasa walijua wanashangilia nini.

"Kilichobaki," alisema Mkurugenzi, "ni jaribio na ripoti."

Aliposema ripoti alimtazama Mumba.

Mumba alikuwa mwandishi wa idara, mtu wa mtaa wa Kamalondo, miaka arobaini na saba, mwenye mwandiko ambao hata maadui zake waliusifu. Paa la ofisi lilipovuja, yeye ndiye aliyeandika kwamba jengo limejipatia maji. Foleni ya watu wa vibali ilipofika barabarani, aliandika kwamba raia wameonyesha mapenzi makubwa kwa idara. Hakuwahi kuandika uongo, alijiambia. Aliuvalisha tu ukweli abacost, ile suti ya dola, ukafungwa vifungo mpaka shingoni kama watumishi wengine wote.

Gari lenyewe liliitwa Salongo, kwa heshima ya ile kazi ya pamoja ambayo hakuna raia aliyeruhusiwa kuikosa. Lilikuwa la kijani, limetoka kiwanda kipya cha Taifa, na lilifika mjini kwa treni. Kutoka stesheni mpaka idarani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lilivutwa kwa kamba na Landrova ya maternité ya Ruashi, yaani ile nyumba ya kuzalishia wanawake, kwa kuwa asubuhi hiyo Landrova ndiyo pekee iliyokuwa haina mtu wa kuikatalia.

Aliyeiendesha alikuwa mkunga mwenyewe, dada mdogo wa Mumba. Dereva wa maternité alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma na nafasi yake ilikuwa bado inachunguzwa. Katika karatasi za dola mkunga huyo aliitwa Citoyenne Musonda, maana majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa. Lakini nusu ya watoto wa Ruashi walizaliwa mikononi mwa Wivine, na hakuna aliyekwenda kuwaambia mama zao kwamba Wivine hayupo tena.

"Yaya," alimwambia kaka yake akifungua kamba, "hii motokari yenu iko na moteri ndani, ao balisahau ku usine, kule ku kiwanda?"

"Iko nayo. Inapumuzika tu."

"Tangu lini?"

"Tangu ku usine."

Asani, fundi na dereva wa idara, alikuja na kitambaa begani. Ukoo wake ulitoka Maniema, Waislamu waliokaa Kamalondo na ufundi wao tangu mji ulipokuwa mdogo. Alifungua boneti, akasema bismillahi, akatazama kwa muda mrefu, akaifunga tena polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Citoyen Mumba," alisema, "mule ndani minaona bipande ya motokari tatu. Bado hayijasalimiana."

Sheria ya jaribio ilitaka mshindani wa kigeni. Mkurugenzi alitafuta gari la kigeni lililo kuukuu kuliko yote mjini, na hakulazimika kutafuta mbali. Ile Landrova ilikuwa na miaka kumi na minne na mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa waya. Njia ilikuwa kwenda Kipushi na kurudi. Bendera ya kuanzia ikashushwa, Mkurugenzi akaanza hotuba, na magari yakaondoka. Au tuseme Landrova iliondoka, na Salongo ikaonyesha nia.

Wivine alifika Kipushi, akageuza, akampakia njiani mama mmoja na mafurushi yake ya mihogo, akarudi mahali pa kuanzia. Hotuba ilikuwa bado katika sehemu ya utangulizi.

Salongo ilikwenda mita mia nne, na mia tatu kati ya hizo zilikuwa za mteremko. Ilipozimika, washonaji wakatoka vibarazani na tepu shingoni, wachuuzi wa soko wakaacha meza zao, na wazee wawili wakaacha mchezo wao wa bao katikati. Wakaisukuma mpaka daraja la mto Lubumbashi. Darajani wakashauriana, wakaisukuma kurudi. Mumba alitembea pembeni na daftari lake, akihesabu watu, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Mchana ule Mkurugenzi alimwita ofisini.

"Ile Landrova ilirudi saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika makumi tano, Citoyen Directeur."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mu discours yako, ile hotuba."

"Basi ilifika bila kupokelewa. Andika: utovu wa nidhamu. Na Salongo ilikusanya raia wangapi?"

"Makumi ine na mumoja."

"Landrova je?"

"Hakuna hata mumoja, Citoyen Directeur. Ilipita tu."

"Unaona?" Mkurugenzi alisimama kwa furaha. "Ilipita tu! Gari la kigeni linamtenga mtu na watu wake. Gari letu linawaunganisha. Andika hivyo, kwa mwandiko wako ule wa sherehe."

Mumba aliandika. Mpaka hapo hakuona taabu yoyote. Alikuwa amewahi kuandika mambo magumu zaidi.

"Halafu," Mkurugenzi akaendelea, akikaa tena, "magari yote ya kigeni ya idara yataletwa kwenye parcelle yangu, uani kwangu. Chini ya ulinzi, ili yasiwapoteze raia. Tuanze na ile Landrova. Mimi niko na shamba njia ya Kasenga, na ile njia hata Salongo haiwezi..." Akasita. "Haistahili kuchafuliwa."

Kalamu ya Mumba ilisimama. Mkurugenzi hakuona, alikuwa anatafuta kofia yake.

Jumapili Mumba alikwenda Ruashi. Alimkuta Wivine nyuma ya maternité anaanika mashuka, akamweleza yote akiwa amesimama, maana aliona haya kukaa. Wivine aliendelea kuanika shuka moja mpaka likanyooka.

"Mwezi ule ulipita nilibeba bamama kumi na kenda mu ile Landrova," alisema. "Mu Salongo nitabeba nani? Mama iko na uchungu, bwana yake anasukuma, mama mukwe anasukuma, miye njo nashika volant, ule usukani. Mutoto atazaliwa ku daraja. Andika na ile mu ripoti yako, Yaya. Weye unajua kuandika."

"Wivine, unataka bantu banifunge?"

"Sitaki bakufunge. Nataka uandike."

Mumba alirudi Kamalondo kwa miguu ingawa palikuwa na basi. Kwa siku tatu aliandika, akachana, akaandika tena. Mkewe alimwekea chakula akakikuta palepale kimepoa. Siku ya nne ripoti ilikuwa tayari, kurasa kumi na saba. Ukurasa wa kwanza ulimtaja Mkurugenzi mara kumi na mbili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ahadi kwamba yeye, Kabwe, hatapanda tena gari la kigeni maisha yake yote, maneno ambayo kwa kweli aliyatamka katika hotuba, mbele ya mashahidi. Na katika ukurasa wa kumi na nne, katikati ya aya ndefu kuhusu vilainishi, palikuwa na Kifungu cha Tisa:

"Magari ya kigeni, kwa kuwa kuonekana kwake kunaweza kumwingiza raia katika mashaka, yatakabidhiwa hospitali na maternité peke yake, mahali ambapo abiria husafiri wakiwa wamelala na hivyo hawaoni alama ya kiwanda. Raia yeyote asiyelala haruhusiwi kuyapanda. Wahudumu wa wagonjwa hawahesabiwi kuwa abiria."

Mumba aliiweka ripoti juu ya meza ya Mkurugenzi. Mkurugenzi alisoma ukurasa wa kwanza mara mbili. Akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti. Akatia sahihi na muhuri.

"Mumba," alisema, "weye iko fundi."

Baada ya wiki tano jibu likaja kutoka Kinshasa. Ripoti imekubaliwa yote, vifungu vyote, pamoja na pongezi. Na kwa kuwa mwenye ripoti, Citoyen Kabwe, ameonyesha mapenzi yasiyo na mfano kwa gari la Taifa, na awe wa kwanza kulitumia, na asitumie jingine. Kesho yake watu wa hospitali wakaja na barua yenye muhuri wa Mkurugenzi mwenyewe, wakalichukua gari lake jeusi la Wajerumani. Wakaweka machela nyuma. Ilienea vizuri sana.

"Mumba!" Sauti ilisikika mpaka kwenye foleni ya vibali. "Hiki Kifungu cha Tisa kilitoka wapi?"

"Kilitoka page ya kumi na ine, Citoyen Directeur. Mbele ya sinyature yako."

Juu ya meza palikuwa na barua ya pongezi, tayari imewekewa fremu. Mtu aliyepongezwa hawezi kulalamika bila kuanza kwa kuukana ustahili wake.

Ndipo ikatangazwa kwamba Mjumbe kutoka Kinshasa atatua uwanja wa ndege wa Luano siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, kuja kuona kwa macho matunda ya uchaguzi huru. Mkurugenzi aliondoka mjini saa mbili, ndani ya Salongo, abacost mpya, Asani kwenye usukani na Mumba kiti cha nyuma na daftari. Asani alikuwa amefanya kazi juma zima. Vile vipande vya magari matatu sasa vilikuwa vinasalimiana, ingawa havijafika kuulizana habari za nyumbani. Walikwenda vizuri mpaka karibu na Ruashi. Hapo moshi ukatoka mahali ambapo, kwa maelezo ya Asani, hapakupaswa kuwa na kitu cha kuungua.

Barabara ilikuwa tupu. Raia wote wa kusukuma walikuwa wamepelekwa uwanjani kucheza ngoma za kumpokea Mjumbe.

Saa tatu na nusu Landrova ya maternité ikatokea nyuma yao. Wivine akasimama, bila kuzima injini. Nyuma mlikuwa na mwanamke wa Kamalondo aliyelala upande, akishika ukingo wa machela na kuuma kitenge chake.

"Citoyenne, unipeleke Luano," alisema Mkurugenzi, akikamata mlango wa mbele.

"Haiwezekane, Citoyen Directeur. Unasimama. Kifungu ya kenda."

"Mimi ndiye niliyetia sahihi hicho kifungu!"

"Njo maana unakijua muzuri."

Mkurugenzi alitazama saa yake. Akatazama Salongo. Kisha akazunguka nyuma, akafungua waya, akapanda, akajilaza kwenye machela ya pili na mikono kifuani, kofia yake juu ya tumbo.

"Na huyu?" aliuliza akimwonyesha Mumba kidole.

"Huyu iko brancardier, mubeba machela. Yaya, kamata chupa ya serum, ile maji ya mushipa, uinue juu."

"Hakuna serum ndani," alinong'ona Mumba.

"Inua tu."

Wakamwacha Asani na Salongo, wakapita kwanza maternité. Mkurugenzi alipinga kwa sauti, lakini mwanamke wa kitenge akageuza kichwa na kumtazama, na Mkurugenzi, ambaye alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo na raia, akavuta kofia juu ya uso. Mumba na Wivine walimbeba mwanamke ndani. Waliporudi walikuta bibi watatu wamesimama mlangoni mwa Landrova wanamwonea Mkurugenzi huruma, wanaulizana ni ugonjwa gani unaomchukua mwanamume mnene kiasi kile.

Luano, ngoma zilikuwa zinapigwa. Mjumbe alikuwa ameshateremka, anatazama huku na huku kumtafuta mwenyeji wake. Landrova ikaingia, ikasimama mbele ya zulia, na mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Ngoma zikakatika moja moja. Watu mia tatu wakamwona Mkurugenzi wa Usafiri wa Dola amelala chali, na mwandishi wake juu yake ameinua chupa tupu.

Mjumbe alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani. Alikaribia, akasoma alama ya kiwanda kwenye gari, akamtazama aliyelala. Akazungumza kwa Kifaransa taratibu, na kijana wake wa tafsiri akageuza Kiswahili ili umati usipitwe.

"Citoyen Kabwe, wewe ni mgonjwa? Kama ni mgonjwa, pole. Mapinduzi hayawezi kuendelea kumtesa mtu mgonjwa kwa madaraka. Leo hii utapewa mapumziko, na ofisi atapewa mwenye afya." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini kama si mgonjwa, basi nimekuta mtu mzima wa afya ndani ya gari la kigeni, kinyume cha kifungu alichokitia sahihi mwenyewe. Hilo si jambo la mapumziko. Hilo ni jambo la polisi. Kwa hiyo nauliza tena, bila haraka."

Mumba aliteremsha chupa. Akafungua daftari ukurasa mpya.

"Niandike nini, Citoyen Directeur?"

Mkurugenzi alimtazama Mumba, akamtazama Wivine, akawatazama askari wawili waliosimama nyuma ya Mjumbe. Akajirudisha juu ya machela na kuvuta shuka mpaka kidevuni.

Akakohoa.

Na kwa kuwa hakuna aliyeonekana kuridhika, akakohoa tena.